Siku moja maishani mwangu: kocha wa mieleka chuoni, Moshi

Saa 11 alfajiri nishaamka, baridi ya Juni huku Majengo we acha tu, mlima wenyewe umejifunika hauonekani. Zamani saa hizi nilikuwa nakimbia kama mchezaji, mieleka ya ridhaa, hela hamna, siku hizi nakimbia na vijana wa chuo na raha ni ileile.

Saa 1 chai na chapati kwa mama ntilie, kisha mpaka saa 7 ofisini, barua za kuomba ukumbi, ratiba, basi.

Saa 8 ndo kazi. Tunatandaza magodoro, turubai juu, tunaanza na kusimama: magoti yamekunjwa, viwiko karibu na mbavu, kichwa juu. Nusu nzima ya mazoezi ni hiyo na wanachoka nayo, nawaambia Dan Gable, mwanamieleka wa Marekani, alibeba dhahabu Olimpiki ya Munich 1972 bila kufungwa pointi hata moja, akaenda kufundisha chuo cha Iowa akachukua ubingwa wa vyuo mara 15, kwa hiyo kocha anaweza kufika mbali kuliko mchezaji, na mimi hilo naliamini kabisa.

Saa 10 dogo mmoja kaingia na makoti mawili, ndani kajifunga nailoni, ana kilo 69 anataka apimwe 65 Jumamosi acheze daraja la uzito huo, toka jana hajanywa maji. "Kocha mbona niko freshi tu." Nikamtoa mazoezini palepale. Hapa sina mchezo. Mwaka 1997 Marekani wachezaji watatu wa vyuo walifariki ndani ya wiki chache wakikata uzito hivihivi, unatoka jasho maji huingizi, mwili unachemka unashindwa kujipoza, mwishowe moyo unasimama. Ndo wakapiga marufuku nguo za mpira na sauna, na kupima uzito kukasogezwa karibu na pambano.

Nikamkalisha akanywa maji taratibu naangalia, nikamwambia Jumamosi unacheza daraja la kilo 74, watakuzidi uzito ila wewe una kasi, tutawawinda miguuni. Kanuna. Anune tu, mama yake kanikabidhi mimi huyu mtoto.

Saa 1 usiku nikampigia mama yake, shikamoo mama, nikamweleza yote, akashtuka sana maana aliambiwa kijana amefunga. Tumekubaliana mtori na maharage vinaendelea, soda na chipsi za usiku zinakatwa, kila asubuhi anapima kwangu, kilo moja kwa wiki isizidi, kwenye 65 ataingia mwezi wa nane.