Seva ya zamani imezimwa, majibu yanarudi

Ofisi nyingi za Mbeya na Iringa zikiachana na Exchange ya zamani (seva ya barua pepe ya Microsoft), kuhamisha masanduku ya barua si kazi ngumu. Kasheshe huanza seva ikishazimwa: mtumishi wa Mafinga anajibu barua ya zamani ya mwenzake wa Mwanjelwa, inamrudia na kosa la 550 5.1.1, yaani mpokeaji hajulikani, ilhali barua kutoka Gmail inafika vizuri kabisa.

Ndani ya Exchange, barua za wenzako hazitegemei anwani yenye @. Zinatumia anwani ya ndani, legacyExchangeDN, na Outlook huihifadhi. Sanduku likiundwa upya linapewa nyingine, ya zamani inabaki bila mwenyewe.

Fungua barua iliyorudi, nakili maandishi yanayoanza na IMCEAEX-. Futa neno hilo pamoja na kistari chake, kisha futa @ na kikoa cha mwishoni. Kila _ iwe /, +20 iwe nafasi, +28 na +29 ziwe mabano, +2E iwe nukta. Kinachobaki huanza na /o=; kiongeze kwenye sanduku jipya kama anwani ya X500, yaani anwani ya ziada ya ndani. Herufi moja ikikosewa, barua zitaendelea kurudi.

Kufuta majina ambayo Outlook hujijazia ni tiba nusu: majibu ya barua za zamani na mialiko ya vikao bado vitagoma.

Kama seva bado inawaka, tafadhali msiizime kwanza. Toa orodha yote ya anwani hizo mapema, kwa amri hii ya Exchange Management Shell:

Get-Mailbox -ResultSize Unlimited | Select PrimarySmtpAddress,LegacyExchangeDN | Export-Csv anwani.csv