Kuongeza machaguo ya menyu kunjuzi kwa skripti bila kufuta ya zamani

Kwenye CRM (mfumo wa kutunza taarifa za wateja) kama HubSpot, machaguo mawili matatu ya menyu kunjuzi (dropdown) hayana haja ya kodi ya programu, ingia tu kwenye settingi uyaandike yaishe. Ila kama ile menyu ya "Chanzo cha mteja" inatakiwa ifuatane na orodha iliyoko kwenye sistimu nyingine na kila saa kuna kitu kipya, hapo skripti haikwepeki.

Sasa angalia hapa. Kwenye HubSpot ukituma PATCH (ombi la kubadilisha kitu kilichopo) kwenye property (sehemu ya taarifa, kama hiyo menyu), ile options (machaguo) unayotuma ndo inakuwa orodha yote, yaani ulikuwa na machaguo kumi ukatuma lile jipya peke yake ukidhani litajipanga mwishoni, basi unabaki na hilo hilo moja. Jina PATCH, yaani kiraka, linadanganya kweli. Kwa hiyo anza na GET (ombi la kusoma), vuta orodha nzima, linganisha kwa value (jina la ndani la chaguo), ongeza yasiyokuwepo halafu rudisha yote kwa pamoja. Na skripti isikimbie mara mbili kwa wakati mmoja maana ya pili itakuwa imeshasoma orodha ya zamani na ikiandika inafuta alichoongeza mwenzake, na hamna error yoyote utakayoiona.

Halafu watu wanachanganya label na value. Label ndo anayoiona mtumiaji, hiyo badilisha unavyotaka. Value ndo imekaa kwenye rekodi za wateja, kwenye filta za ripoti, kwenye otomesheni, kwenye fomu za nje ambazo hakuna hata anayezikumbuka tena, kwa hiyo ukishaipanga iache. Mimi naweka value fupi, herufi ndogo, haina nafasi.

Chaguo lisilotumika tena usilifute, lifiche, HubSpot unaweka hidden: true. Salesforce, CRM nyingine, unalizima tu, rekodi za zamani zinabaki nalo ila mtu halichagui tena. Huko Salesforce pia API (njia ya skripti kuongea na sistimu) ya kawaida ya data haikusaidii, machaguo yanabadilishwa kwa Metadata API, ile ya mipangilio ya sistimu. Dynamics 365, CRM ya Microsoft, unatumia amri ya InsertOptionValue alafu lazima upablishi, usipopablishi wenzako watakuuliza mbona chaguo halionekani kwenye fomu na wewe unaona kodi imepita vizuri kabisa.

Ukipata 403 (kosa la kukosa ruhusa) kwenye HubSpot usihangaike na kodi kwanza, cheki tokeni, yaani ufunguo ambao skripti inaingilia. Ruhusa ya kuandika kontakti haitoshi, inatakiwa na ruhusa ya crm.schemas.contacts.write, ya kubadilisha muundo wa kontakti.