Meli Niliyoizamisha kwa Kipaza Sauti

Msimu wa karafuu wa mwaka 1998 nilikuwa na umri wa miaka 16, na kwa muda wa wiki moja nilikuwa sauti ya banda la video la mtaani kwetu Wete, Pemba. Kazi hiyo niliipata kwa sababu ya risala niliyoisoma skuli siku ya wazazi. Mwenye banda, ambaye vijana wote tulimwita ami ingawa hakuwa ndugu wa baba wa yeyote kati yetu, alinisikia, akaniita barazani kwake na kunieleza kwamba kuna picha inakuja kutoka Unguja, na kwamba wachumaji wa karafuu wana fedha mkononi, kwa hiyo asingependa picha hiyo ifike kimyakimya.

Picha yenyewe ilikuwa Titanic. Sifa zake zilikuwa zimevuka bahari muda mrefu kabla ya kanda. Vinyozi walikuwa wamebandika ukutani nyuso za wale vijana wawili, fulana zao ziliuzwa sokoni, na wimbo wake ulipigwa redioni hata watu wasiojua neno la Kiingereza wakaufuatisha kwa mluzi. Ami alikuwa na gazeti kuukuu lililoeleza kwamba picha hiyo iligharimu dola milioni 200 na kwamba mwezi Machi ilichukua tuzo 11 za Oscar. Sikujua Oscar ni nani, lakini 11 ni timu kamili ya mpira, nami nikaitangaza hivyo hivyo.

Kila baada ya sala ya alasiri nilipanda nyuma ya pikapu, betri ya gari miguuni na kipaza sauti mkononi, tukazunguka Limbani, Bopwe na Jadida. Si mimi wala ami aliyekuwa ameiona picha hiyo hata dakika moja. Nilichokuwa nacho ni gazeti, mchoro wa meli, na ujana. Siku ya kwanza nilisema kwamba meli kubwa kuliko zote itazama mbele ya macho yenu. Siku ya tatu nikaikata vipande viwili, jambo ambalo nililibuni tu na ambalo, kwa bahati yangu, lilikuja kuwa kweli. Siku ya sita nikamzimisha mtu mmoja Dar es Salaam, aliyeanguka kwa hofu akiwa kitini; huyo hakupata kuwepo, Mungu anisamehe. Nilipopita na pikapu watoto walikimbia nyuma wakipokezana neno moja tu: inazama, inazama.

Usiku wa kwanza banda lilijaa hata watu wakakaa dirishani. Umeme ulikatika saa mbili, jenereta likawashwa, kanda ya kwanza kati ya mbili ikatiwa, nami nikabaki mlangoni kupokea fedha. Sikujua, wala hakuna aliyejua, kwamba katika picha ile meli huligonga barafu baada ya zaidi ya saa moja na nusu. Kabla ya hapo mna bibi kizee anayesimulia, mna vijana wanaopendana, mna chakula cha jioni cha matajiri. Nusu saa haikupita, nikasikia sauti kutoka nyuma ikiuliza kwa adabu meli itazama saa ngapi. Baadaye adabu ikaisha. "Peleka mbele, ami! Tumelipa meli, hatukulipa mapenzi!" Ami alivumilia kidogo, kisha akabonyeza kitufe, na watu wale wote wakawa wanakimbia kwenye kioo kama sisimizi waliomwagiwa maji, mpaka barafu ilipotokea na ukumbi ukapiga makofi.

Hao hawakuwa watu wasiojua kutazama. Watu hao hao walikuwa wakikaa saa tatu na picha ya Kihindi, wakilia na kuimba, bila ya mtu kuuliza adui atapigwa lini. Kusubiri walikuweza, na tofauti ya usiku ule ilikuwa mimi, kwa sababu nilikuwa nimewachagulia kabla ya wakati kile watakachokitazama, na kila kilichokuja kabla yake kikawa kizuizi cha njiani. Na cha ajabu, hata kuzama kwenyewe hakukuwatosheleza. Wakati wa kutoka, mzee mmoja aliniwekea mkono begani, akasema: "Mwanangu, ya kwako ilizama vizuri zaidi."

Usiku wa pili walikuja watu wanane. Miongoni mwao alikuwamo kaka yangu na wenzake wawili, waliokuwa wamerudi alfajiri ile kutoka dago, yaani kambi ya wavuvi, upande wa Tanga, na ambao hawakuwa wamelisikia tangazo langu hata moja. Hakuna aliyemhimiza ami. Nilikuwa nje nikihesabu fedha chache zile, nikawasikia ndani wakicheka mahali ambapo jana palikimbizwa.

Jioni ya siku iliyofuata kaka alikaa barazani akaihadithia picha. Alianza na kijana maskini aliyepata tikiti ya safari kwa kushinda karata, dakika chache kabla ya meli kung'oa nanga. Akaeleza kuhusu wachochea makaa walivyotokwa jasho chini kabisa, na ngoma ya abiria wa daraja la tatu, ambayo alisema ilimkumbusha abiria wanaolala juu ya mizigo katika safari za Unguja. Waliomzunguka walikuwa wale wale waliojaza banda usiku wa kwanza. Mmoja wao akamkatiza: "Kwani hayo yalikuwamo?"

Nilikwenda mbio kwa ami kumwomba aniwekee kanda ya kwanza peke yangu. Akanambia kwamba zote mbili zimesharudi Unguja kwa boti ya asubuhi. Nikarudi barazani, nikatafuta nafasi ukingoni, na kumwomba kaka aanze tena pale kwenye karata.