Siku yangu na kabro za Nyali

Saa 11 alfajiri

Mashine yangu ya presha, ya kuoshea kabro (yale matofali ya zege yanayotandikwa uani), hulala ndani, kando ya kitanda. Nyumba za kupanga huku Mishomoroni, Mombasa, si mahali pa kuacha kitu kibarazani. Nikishaswali naikagua: kichujio cha maji kisiwe na mchanga, mpira usiwe na ufa, ncha za kutolea maji ziwe zote. Ncha hizi hutambulika kwa rangi. Nyeupe hutawanya maji kwa nyuzi 40, kijani 25, manjano 15, na nyekundu ni 0, maji yanatoka kama sindano. Nyekundu naiacha nyumbani. Kwenye kabro kazi yake ni kuchimba tu, na ukishauchubua uso wa kabro uchafu unashika maradufu.

Saa 1 asubuhi

Tuktuk hadi Nyali, mashine katikati, mdogo wangu huku na mimi huku, magunia ya mchanga miguuni. Mahamri na mbaazi tumekula njiani.

Saa 1 na nusu

"Shikamoo mama," namwamkia mwenye nyumba.

"Marahaba wanangu. Leo nitolewe huo utelezi. Mjukuu wangu nusura avunjike mkono hapo."

Ni kweli. Masika imekwisha, kusi linavuma, na upande wa ukuta usiopata jua kabro zimegeuka kijani kibichi. Karibu na lango kuna mkungu mkubwa, na kila jani lililoozea chini limeacha doa la kahawia. Katikati, pale gari linapoegeshwa, oili. Na njia ya tairi ya kushoto imebonyea, maji ya mvua yanatuama hapo badala ya kushuka mtaroni.

Mama anataka tuwashe mashine mara moja. Wateja wengi ndivyo walivyo, wasipousikia mngurumo wanaona hujaanza kazi. Lakini kwangu mimi presha ndiyo sehemu ndogo ya kazi hii. Kabro hazishikani kwa saruji. Zinashikana kwa mchanga uliojaa kwenye nafasi kati ya moja na nyingine. Mchanga ukitoka, kila kabro inacheza peke yake, na gari likipita zinaanza kusogea na kuzama. Sasa mtu anakuja na mashine, anaosha zikang'aa, anapokea hela yake, na mchanga wote ameupeleka mtaroni. Baada ya miezi michache mwenye nyumba analaumu fundi aliyezitandika.

Saa 2

Kufagia kukavu kwanza, fagio la njukuti, hadi pembeni kabisa. Magugu mengi hayatoki chini ya kabro kama watu wanavyodhani. Mbegu huangukia juu, kwenye vumbi na majani yaliyooza, ndipo zinaota. Ukifagia kila siku umeshafanya nusu ya palizi. Ndago ndiyo kaidi. Ukiivuta kwa mkono jani linakatika, kiazi chake kinabaki ardhini kinakucheka. Naichokonoa kwa kisu chembamba taratibu mpaka kiazi kitoke. Mdogo wangu hana subira hiyo, nimempa kazi ya kukusanya kungu zilizoanguka.

Soja, mlinzi wa nyumba, ananionyesha maji. Tangi la maji ya bomba limejaa, na kuna kisima, ila maji yake ni ya chumvi. Ya kisima tutatumia kwa ndoo na brashi tu. Mashine hainywi maji ya chumvi, na suuza ya mwisho haiwi ya chumvi, la sivyo zikikauka unaona unga mweupe kila mahali. Mashine yangu hutumia kama lita 7 kwa dakika, kwa hiyo nusu saa ya kuiachia ovyo ni zaidi ya lita 200. Kwa mji ambao maji ya bomba huja kwa zamu, hiyo si hesabu ya kupuuza.

Saa 3

Dawa. Klorini ya kufulia, kipimo kimoja kwa vipimo vitano vya maji, inamwagwa kwenye kijani na madoa ya mkungu. Lazima iwe asubuhi kabla kabro hazijapata moto, maana jua likikolea dawa inakauka kabla ya kuua chochote. Maua ya ukutani nimeyamwagia maji mengi kwanza ili yasiungue. Tunaiacha kama dakika 15, tunasugua kwa brashi ngumu.

Soja anapendekeza asidi, ile ya kuoshea choo. "Inapiga safi sana, nimeona."

"Mzee wangu, inapiga safi kwa sababu inakula saruji." Asidi hula chokaa, na kabro imeshikwa na saruji, na ukuta huu wa nyuma ni mawe ya matumbawe, chokaa tupu. Ikidondokea hapo utaona povu linachemka. Tena hapa tayari kuna klorini. Ikikutana na asidi hutoka gesi ya kukaba pumzi. Chupa ikarudi stoo.

Saa 4

Ndiyo sasa mashine. Ncha ya kijani, mkono umeinama, fimbo naiweka mbali kiasi cha futi moja, naenda kufuata mteremko, kutoka baraza ya nyumba kuelekea lango. Sielekezi maji wima kwenye nafasi za kabro. Mama ametoka kutazama. Kelele imemridhisha.

Saa 7 mchana

Wali na samaki wa kupaka, mama katuletea mwenyewe. Kabro zinakauka.

Saa 8

Pale palipobonyea. Kabro ya kwanza ndiyo yenye kazi: bisibisi bapa mbili, moja kila upande, unainua polepole bila kumega kingo. Ikishatoka hiyo, nyingine zinafuata kwa mkono. Chini tukakuta chungu wamejenga mji mzima, mchanga wote wa tandiko wameuhamishia juu. Tunajaza vumbi la kokoto, tunashindilia, tunasawazisha kwa ubao, tunarudisha kabro na kuzigonga kwa nyundo ya mpira. Nazipandisha kidogo kuliko jirani zake, kwa kuwa zitashuka.

Za oili nazo zinapata dawa yake papo hapo. Oili mbichi hunyweshwa vumbi la mbao, kisha sabuni ya unga iliyokorogwa nzito, maji ya moto, brashi. Ile ya zamani iliyozama ndani haitoki yote, asikudanganye mtu. Lakini uzuri wa kabro ni kwamba hubadilishana: nimeng'oa zilizochafuka sana nikazipeleka nyuma ya vyungu vya maua, na za nyuma ya vyungu nikazileta mbele. Mama hakugundua hadi nilipomwonyesha.

Saa 10

Mchanga. Lazima uwe mkavu na mwembamba, na kabro ziwe kavu, vinginevyo unaganda juu na kuacha nafasi tupu chini. Wa ufuoni ni rahisi kuupata lakini una chumvi. Wangu ni wa mto, nimeuchekecha jana. Unamwagwa, unafagiwa huku na huku, unagongwagongwa ili ushuke, unaongezwa tena. Kazi hii haina kelele, na wengi huiruka. Mimi nikikosa hela ya mchanga nakataa kazi.

Saa 11 jioni

Hela imeingia kwa M-Pesa. Namwambia soja asimwage maji ya mpira wiki hii, afagie tu.

"Na gari?"

"Lipite, tena lipite sana. Ndilo litakaloshindilia mchanga."

Dereva amefika na gari lenyewe, analiegesha palepale. Nainama kutazama chini ya injini: tone tayari.

"Kaka, hili utalipeleka kwa fundi lini?"

"Inshallah, mwisho wa mwezi."

Nimemwachia soja gunia la vumbi la mbao.