Nilivyotafuta heller shambani bila kuitwa mchimba mali ya Mjerumani

Ukionekana kwetu Tabora umeshika ditekta, mashine ya kutafuta metali ardhini, hakuna atakayekuuliza unatafuta nini. Kila mtu anajua: mali ya Mjerumani. Eti aliizika chini ya mwembe, akachora alama kwenye jiwe, akakimbia. Mimi nilitaka vitu vidogo zaidi, yaani heller (sarafu ndogo za enzi za Mjerumani), senti na vifungo vya nguo vilivyodondoka kwa watu waliokatiza shamba la ukoo wetu, jirani na reli. Mashine niliizoea upesi. Kuaminika ndiko kulikochukua muda.

Nilianza kwa shangazi yangu, kwa sababu shamba liko mikononi mwake. Alikubali kwa sharti moja, nisisogelee upande wa makaburi. Kisha nikaenda kwa afisa utamaduni wa wilaya. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na huruhusiwi kuchimba kuvitafuta bila leseni. Heller ni za kuanzia 1904, lakini ardhi haipangi vitu kwa miaka, kwa hiyo nilitaka kujua mpaka wangu. Akaniambia, "Ukikuta vigae, shanga au msingi wa nyumba ya zamani, acha hapo hapo, fukia, uniite." Mwisho nikamwomba mwenyekiti wa kijiji anipe kijana wa kukaa nami kila ninapochimba. Huyo kijana alinisaidia kuliko mashine yenyewe: jioni ndiye aliyesimulia kijiweni kilichopatikana, na maneno yake yaliaminika kuliko yangu.

Tetesi za dhahabu zina mzizi, tusiwacheke wazee. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza koloni lilizingirwa, fedha kutoka Berlin hazikufika, na mwaka 1916 Wajerumani wakaanza kupiga sarafu zao wenyewe huku huku Tabora, wakitumia karakana ya reli. Zilikuwemo sarafu za dhahabu za rupia 15, zenye tembo na mlima nyuma yake, zipatazo 16,000. Septemba mwaka huo Wabelgiji wakaingia mjini. Dhahabu, haraka na kukimbia: hadithi ikajitunga. Ila nyingi zaidi zilizotoka kwenye mashine zile zilikuwa heller 20 za shaba, zaidi ya milioni moja, na ndizo ambazo mkulima anaweza kweli kuziona zikiibuka nyuma ya jembe.

Nilisubiri mvua za kwanza na shamba kulimwa. Udongo ukiwa na unyevu sauti hutoka safi zaidi, na jembe huwa limeshaleta juu vilivyolala chini. Kabla ya kuanza nililazimika kuizoesha ditekta udongo wetu mwekundu, kwa kupandisha na kushusha sahani yake, lile duara la chini, juu ya ardhi tupu hadi iache kulia yenyewe. Baada ya hapo ni mwendo wa taratibu. Sahani inakaribia kugusa ardhi, kila mpito unaingia kidogo kwenye ule uliotangulia. Anayefagia kwa haraka anapita juu ya sarafu bila kusikia kitu. Chuma kinakoroma, shaba na fedha vinalia kwa sauti nyembamba. Vizibo vya soda ndivyo laana ya kazi hii, maana vinajifanya sarafu. Dawa yake ni kugeuka robo duara na kupitisha sahani upande wa pili. Sauti ikivunjika au ikitoweka, aghalabu ni kizibo au msumari. Mimi bado nilikuwa nachimba baadhi, ili wanaotazama waone kizibo kwa macho yao.

"Kijana, ukilipata lile usitusahau," mzee mmoja alinipigia kelele kutoka njiani.

"Shikamoo babu! Njoo ulione lenyewe."

"Marahaba." Akaja, nikamfungulia kiganja, kizibo. Alicheka hadi akakaa chini, na tangu siku hiyo akawa mtetezi wangu.

Heller 20 ya kwanza ilitoka kina cha kiganja tu. Ilikuwa ya kijani kwa kutu, lakini taji, herufi D.O.A. (Deutsch-Ostafrika, Afrika Mashariki ya Kijerumani) na mwaka 1916 vilisomeka, na chini yake herufi T ya Tabora. Sarafu zilizopigwa Berlin zina A, za Hamburg zina J. Zikafuata heller 10 yenye tundu, heller moja moja ndogo zilizolika na, karibu na kichuguu, senti za Mwingereza zenye tundu na pembe za ndovu. Ninayoipenda kuliko zote ni senti kumi ya 1936 yenye jina la Edward VIII, mfalme aliyejiuzulu Desemba mwaka huo huo kabla hata ya kuvikwa taji. Ufalme wake haukumaliza mwaka, ila jina lake lilifika hadi shambani kwa shangazi.

Vifungo vilinipa kazi zaidi kwa sababu havina mwaka. Nilijifunza kuangalia taji kwanza. Taji la Kaiser, mfalme wa Ujerumani, lina utepe unaoning'inia. La Mwingereza halina utepe. Kisha nageuza nyuma, kwani vifungo vingi vya Kiingereza vina jina la mtengenezaji, kwa mfano Firmin au Gaunt. Kifungo kilichopoteza kitanzi chake huenda kilidondoka chenyewe. Chenye kitanzi kizima, pengine kilikwenda ardhini pamoja na nguo.

Maganda ya risasi yalikuwepo pia, na siku moja risasi nzima. Hiyo haiguswi wala haiwekwi mfukoni. Tulizungushia vijiti, kijana akabaki pale kuzuia watoto, mimi nikaenda polisi.

Kusafisha ni maji tu na kijiti cha mbao, na subira. Limau, majivu na steelwool vinang'arisha kweli, lakini vinakula herufi, na sarafu isiyosomeka ni kipande cha shaba. Kila kimoja nimekiweka kwenye bahasha iliyoandikwa kilikotoka, kwa hatua kutoka kwenye mti au mpaka wa shamba.

Simu za wanunuzi wa "rupia ya maajabu" hazikukosekana. Huwa nawatumia picha ya heller 20 na bei ya kweli, ambayo ni ndogo, na wengi hawarudi. Msimu ujao jirani amenialika kwake, tukakubaliana mbele ya mwenyekiti: mashimo nafukia siku hiyo hiyo, vitakavyopatikana tunagawana nusu kwa nusu, na vizibo vyote ni vyangu.