Kutoka Walukuba hadi Nakasero na Mama

Jinja hadi Kampala ni kilomita 80 hivi, lakini ukichelewa, saa nzima itakuishia kwenye foleni kati ya Bweyogerere na Lugogo. Ndiyo maana tuliondoka Walukuba, mtaa wa Jinja, kabla ya saa 12 alfajiri. Mama alikaa mbele na dereva, maana viti vya nyuma vya taksi ya abiria 14 vinamkunja magoti. Msitu wa Mabira tuliuvuka kwenye ukungu. Namawojjolo, wauza kuku wa vijiti walipovamia madirisha, Mama alinunua gonja, ndizi za kuchoma, na kumpa dereva moja. "Akishiba hatakimbiza gari," akasema.

Tulikuwa tunakwenda Nommo, jumba la taifa la sanaa lililoanzishwa 1964. Piga simu siku moja kabla: kazi za zamani zikishashushwa na mpya hazijatundikwa, utakuta kuta tupu. Taksi haipandi kilima cha Nakasero, hivyo kwa mzee kodi gari kutoka parkini, kituo cha taksi, na mpatane bei kabla hajaketi. Mvua ilitukuta mlangoni. Mama akacheka: "Vizuri, leo hatutasukumana."

Usimzungushe mzee ukuta kwa ukuta. Anza na kitu anachokijua. Mama alizaliwa upande wa Masaka, kwa hiyo tulianzia kwenye lubugo, kitambaa cha gome la mti. Kwanza aliinama kutazama ukingo, si picha iliyochorwa juu yake, akanionyesha kiraka kilichoshonwa kwa uzi mwembamba kiasi kwamba mimi nilikuwa nimekipita. Gome huwa na matundu, na fundi hupimwa kwa namna anavyoyaziba.

Mutuba, mti wa jamii ya mkuyu, hukwanguliwa ganda la nje, kisha gome la ndani hukatwa juu na chini, likapasuliwa wima na kubanduliwa. Shina hufungwa majani ya mgomba ili gome jipya liote. Gome lililobanduliwa hulainishwa kwa joto na kupondwa kwa nyundo za mbao, ya mifereji mipana kwanza, ya mifereji myembamba mwisho. Hupondwa kivulini, jua likiliwahi hukauka na kupasuka. Jua huja baadaye, ndilo linaloleta ile rangi ya matofali. Mwaka 2005 UNESCO iliitambua kazi hii kama urithi wa binadamu.

Mkono wa Mama ulikuwa tayari njiani kuigusa lubugo. Mafuta ya vidole huacha madoa, kwa hiyo muulize mhudumu kama kuna kipande cha kushika, tulipewa kimoja. Wazee wengine hukunja uso wakiona lubugo ukutani, kwa kuwa ndiyo waliyozikwa nayo jamaa zao. Mama hakukubali: "Na Kabaka, mfalme wa Buganda, alitawazwa nayo, hilo mbona hamlisemi?"

Mvua ilipokatika tuliteremka hadi Sanamu ya Uhuru ya 1962, kazi ya Gregory Maloba, Mkenya wa Makerere: mama aliyeviringwa bendeji akimwinua mtoto. Mama aliizunguka yote. Mimi ningeanza nayo.

Ondoka Kampala kabla ya saa 9 alasiri. Mama alitaka tupitie pia Jumba la Makumbusho, Kamwokya. Nikamwambia miguu yako imevimba.

"Imevimba leo, mwanangu. Jumamosi je?"