Nimefika Nicodemus

Jana nimefika Nicodemus, kijiji kidogo katika jimbo la Kansas, Marekani. Upepo, nyasi na majengo machache tu. Mwaka 1877 watu weusi waliotoka utumwani Kentucky walihamia hapa wakiahidiwa ardhi nzuri. Wakakuta uwanda usio na miti, wakachimba mashimo ardhini wakalala humo na watoto wao. Niliinama nikashika ule udongo, mgumu kama tofali. Sheria ya ardhi ya Marekani ya 1862 ilitoa ekari 160 kwa atakayelima miaka mitano, lakini huna jembe la kukokotwa wala farasi, utaanzia wapi? Na ardhi yenyewe walikuwa wamenyang'anywa wenyeji wa asili! Mwaka 1888 reli ikakikwepa kijiji, ikapita ng'ambo ya mto, maduka yakaifuata. Imeniuma sana. Baadhi ya familia hazikuhama; wazao wao wapo hapo mpaka leo.